Mbwa au paka akiumia: Mambo ya kufanya kabla ya daktari wa mifugo kufika

MBWA aliyegongwa na gari mjini Voi kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, paka aliyerambaza dawa ya kupe huko Mwatate, na mbwa wa ulinzi aliyetemewa sumu machoni na nyoka chini ya mlima Kasigau, wote wana jambo moja linalowaunganisha. Kwa muda wa saa moja au zaidi, uhai wao huwa mikononi mwa mtu aliye karibu nao wala si mikononi mwa daktari.

Kaunti ya Taita Taveta ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 17,000, na zaidi ya nusu ya eneo hilo imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 340,671 pekee. Vijiji vimetawanyika mno: vingine viko juu milimani karibu na Wundanyi, vingine Sagalla na Kasigau, na vingine Taveta kwenye mpaka wa Tanzania, umbali wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Voi. Mkazi wa kijiji cha mbali anayempigia simu daktari wa mifugo usiku hawezi kutarajia kumwona mlangoni mwake baada ya dakika kumi.

Katika mazingira hayo, maarifa ya huduma ya kwanza kwa wanyama si anasa ya watu wa mijini. Mbwa ndiye mlinzi wa zizi dhidi ya fisi na chui, naye paka ndiye mlinzi wa ghala dhidi ya panya. Anapopotea mmoja wao, familia hupata hasara ambayo si rahisi kuifidia.

Hata hivyo, yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba huduma ya kwanza si matibabu. Lengo lake ni kuzuia hali isizidi kuwa mbaya, kumpunguzia mnyama maumivu na kumfikisha kwa mtaalamu akiwa hai. Aidha, ina sharti moja ambalo watu wengi hulisahau kwa sababu ya huruma: katika jitihada za kumwokoa mnyama, asiumie binadamu.

Usalama wa mtu kwanza

Mnyama mwenye maumivu hamtambui rafiki. Mbwa mpole aliyelelewa na watoto tangu utotoni anaweza kumng'ata mwenyewe anayejaribu kumwinua akiwa amevunjika mguu. Jeraha la meno si jambo dogo popote pale, lakini nchini Kenya lina hatari ya ziada, nayo ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huo ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini humu mnamo 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye, ungali unaua. Shirika la Afya Duniani (WHO) husema kwamba mbwa ndio huwaambukiza binadamu katika visa 99 kati ya kila 100, na kwamba watoto ni miongoni mwa waathiriwa wakuu. Dalili zinapojitokeza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufariki. Kabla ya dalili kujitokeza, karibu kila mtu anaweza kuokolewa iwapo jeraha litaoshwa na chanjo itatolewa mapema.

Wengi hudhani kwamba mbwa mwenye kichaa ni lazima awe mkali, atokwe na mapovu na kukimbiakimbia akiuma kila kitu. La hasha. Kuna aina nyingine ya ugonjwa huo ambayo humfanya mbwa apooze polepole. Taya lake la chini hulegea, mdomo hubaki wazi, mate humtiririka na hawezi kumeza. Akimwona hivyo, mwenye mbwa hufikiri kwamba mfupa umemkwama kooni. Kwa nia njema kabisa humshika, humfungua kinywa na kuingiza mkono ili autoe mfupa huo. Kumbe mate yanayomlowesha vidole ndiyo yanayobeba virusi.

Kwa hivyo, mbwa au paka ambaye mdomo wake umeachama ghafla bila ya kuonekana akila mfupa, aliyebadilika tabia, anayeyumba au anayeng'ata vijiti na mawe, katu asiguswe mdomoni. Afungiwe mahali ambapo watu na wanyama wengine hawawezi kumfikia, kisha afisa wa mifugo aitwe. Watoto waondolewe mara moja.

Mtu aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au ambaye mate ya mnyama wa aina hiyo yameingia kwenye kidonda, macho au mdomo wake, anapaswa kuosha sehemu hiyo kwa maji mengi yanayotiririka, na kidonda akioshe pia kwa sabuni, kwa muda wa dakika 15. Kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi, ile ya Wesu karibu na Wundanyi, ya Taveta au nyingine iliyo karibu. Pilipili, mafuta ya taa, majivu na tumbaku havina kazi yoyote katika kidonda cha mbwa.

Mbwa aliyeng'ata mtu asiuawe kwa haraka iwapo anaweza kufungiwa salama. Akiwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata, dalili hudhihirika au hufa ndani ya siku 10. Habari hiyo huwasaidia sana wahudumu wa afya. Lakini mtu aliyeng'atwa asisubiri siku hizo ziishe ndipo aende hospitalini.

Jinsi ya kumshika mnyama

Mnyama aliyeumia aendewe polepole, kutoka upande ambapo anaweza kumwona mtu, na kwa sauti ya chini. Asizingirwe na umati. Watu wakipungua, woga wake nao hupungua.

Mbwa anaweza kufungwa mdomo kwa kitambaa au bandeji yenye urefu wa mita moja hivi. Kitanzi hufanywa katikati, huvishwa juu ya pua na mdomo, hukazwa kiasi, ncha zake zikapishanishwa chini ya kidevu na hatimaye kufungwa nyuma ya masikio. Fundo liwe la kufunguka upesi. Mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, aliyezidiwa na joto au aliyezirai hafai kufungwa mdomo, kwani anaweza kukosa pumzi.

Paka hafungwi mdomo. Huviringishwa kwa taulo au leso nzito, miguu yote minne ikiwa ndani na kichwa kikiwa nje. Akisha kutulia, awekwe ndani ya katoni yenye matundu au kikapu chenye mfuniko.

Kumkagua kwa dakika mbili

Kabla ya kumpigia simu daktari, ni vyema mwenye mnyama akusanye habari chache. Mbwa mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 10 na 30 kwa dakika, naye paka kati ya mara 20 na 30. Moyo wa mbwa hupiga kati ya mara 60 na 140 kwa dakika kutegemea ukubwa wake, wa paka kati ya mara 140 na 220. Mapigo huhisiwa kwa kuweka vidole kwenye mbavu za kushoto, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Joto la kawaida la mwili wao ni nyuzi 38 hadi 39.2.

Kama hakuna hatari ya kung'atwa wala dalili za kichaa, mdomo wa juu uinuliwe kidogo ili fizi zionekane. Fizi za mnyama mwenye afya huwa na rangi ya waridi na majimaji. Zikibonyezwa kwa kidole huwa nyeupe, kisha rangi hurejea kabla ya sekunde mbili kupita. Fizi zilizopauka ni ishara ya kupoteza damu, hata kama hakuna tone linaloonekana nje. Fizi za buluu huashiria ukosefu wa hewa. Hali zote mbili ni za dharura.

Ajali za barabarani na majeraha

Barabara ya Nairobi hadi Mombasa hupitiwa na malori usiku na mchana, na bodaboda zimejaa katika kila kichochoro cha Voi, Mwatate na Taveta. Mnyama akigongwa, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba anayemwendea hatagongwa naye. Magari yasimamishwe au yapishwe kwanza.

Damu ikichuruzika, kitambaa safi kikunjwe na kukandamizwa juu ya jeraha kwa dakika tano hadi kumi bila kuinuliwa. Kila kinapoinuliwa ili kuchungulia, damu iliyoanza kuganda huvurugika. Kitambaa kikilowa, kingine kiongezwe juu yake, kisha vyote vifungwe kwa bandeji. Kamba au mpira wa kukaza mguu usitumiwe, kwa kuwa humkosesha mnyama damu mguuni na mara nyingi husababisha akatwe kiungo ambacho kingepona.

Jeraha dogo lisilovuja sana huoshwa kwa maji ya chumvi. Kijiko kidogo kimoja cha chumvi kikichanganywa na nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa hutosha. Spiriti na dawa kali za kusafishia choo zisimwagiwe kidonda, kwani huunguza nyama hai.

Mfupa uliovunjika usinyooshwe. Mtu asiye na ujuzi akijaribu kufunga mguu kwa vijiti huenda akaongeza maumivu na kukata mishipa. Linalofaa ni kumtelezesha mnyama juu ya ubao, mlango wa zamani au gunia lililoshikwa na watu wawili na kukazwa, kisha kumsafirisha akiwa amelala bila kukunjwa mgongo.

Lipo kosa jingine ambalo huwapokonya watu wanyama wao. Mbwa hugongwa, huinuka, hukimbia nyumbani na kulala chini ya ghala. Wenyewe husema amepona. Usiku huo hufa kwa sababu damu ilikuwa ikivuja tumboni au kifua kilikuwa kimejaa hewa. Kila mnyama aliyegongwa na gari anapaswa kukaguliwa na daktari, hata akiwa anatembea.

Mbwa wanaotembea vichakani pembezoni mwa Tsavo hupatwa pia na majeraha ya aina yake. Mwiba wa mgunga ulioingia katika wayo unaweza kung'olewa iwapo umejitokeza wote, kisha mahali pale paoshwe. Miiba ya nungunungu ni habari nyingine. Huweza kuzama ndani sana. Isikatwe wala kuvutwa kwa nguvu, hasa iliyo karibu na jicho au kifuani. Daktari huing'oa baada ya kumlaza mbwa kwa dawa. Mbwa aliyenaswa na mtego wa waya apunguziwe mkazo kwanza kwa kulegeza waya kutoka upande wa mti uliofungiwa, wala asivutwe.

Joto kali la nyanda za chini

Mji wa Voi uko katika mwinuko wa chini ya mita 600 juu ya bahari, ilhali kilele cha Vuria katika milima ya Taita kinafikia mita 2,208. Mbwa aliyezoea ubaridi wa Wundanyi akiteremshwa hadi Voi katika miezi ya joto, huenda mwili wake usistahimili. Mbwa hawatoi jasho kama binadamu. Hujipoza zaidi kwa kuhema, na akifungwa juani au ndani ya gari, kuhema hakumtoshi.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kuhema kwa kasi isiyokoma, mate mazito, fizi nyekundu mno, kuyumba, kutapika na hatimaye kuzirai. Joto la mwili likipita nyuzi 41, viungo vya ndani huanza kuharibika.

Mnyama huyo ahamishiwe kivulini papo hapo. Amwagiwe maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na miguuni, huku akipepewa. Maji ya kawaida yanatosha kabisa. Barafu si ya lazima. Asifunikwe kwa taulo lililolowa na kuachwa hivyo, maana taulo hilo hupata joto na kumzuia kupoa. Apewe maji ya kunywa kidogo kidogo akiwa na fahamu. Joto likishuka hadi nyuzi 39.5, umwagiaji usimamishwe ili asije akapoa kupita kiasi, kisha apelekwe kwa daktari.

Kuumwa na nyoka

Moma, ambaye wengine humwita bafe au kifutu, hulala njiani bila kusogea na huwauma mbwa wanaomnusa. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Swila naye hutema sumu akilenga macho. Aina mojawapo kubwa ya swila wa kahawia, ambayo hupatikana katika nyanda kavu na pwani ya Kenya, ilitambuliwa rasmi na wanasayansi mnamo 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Koboko, ambaye ni mwepesi wa mwendo, ana sumu inayopooza misuli ya kupumulia na huua kwa muda mfupi.

Mbwa aliyeumwa na nyoka atulizwe na abebwe. Akitembea au kukimbia, sumu husambaa upesi zaidi. Ukosi au kamba ya shingoni ivuliwe, kwani uvimbe unaweza kumnyonga. Jeraha lisichanjwe kwa wembe, lisifyonzwe, lisifungwe kwa kamba wala kupakwa mafuta ya taa. Jiwe jeusi linalouzwa kwa madai ya kufyonza sumu halijathibitishwa kuwa na uwezo huo, na muda unaopotea likisubiriwa lifanye kazi ndio ambao mnyama alihitaji kufikishwa kwa daktari.

Sumu ikiingia machoni, yaoshwe mara moja kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20, yakimwagwa taratibu kutoka upande wa pua kuelekea nje. Mnyama azuiwe kujikuna usoni. Akipata huduma mapema, aghalabu huendelea kuona. Akiachwa, huenda akapofuka.

Nyoka asifukuzwe ili auawe na kupelekwa kama ushahidi. Watu huumwa katika shughuli hiyo. Picha ya simu iliyopigwa kutoka mbali yatosha.

Sumu za nyumbani na shambani

Katika maboma ya wafugaji, dawa ya kupe huwekwa pamoja na vyombo vya kawaida. Mwenye ng'ombe, kwa kutaka kumwondolea mbwa wake kupe, humpaka dawa hiyo bila kuichanganya na maji kwa kipimo kilichoandikwa. Baadaye mbwa hutokwa na mate mengi, hutetemeka, huyumba na kuanguka. Paka ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu hujiramba mwili mzima na kwa sababu baadhi ya dawa zilizo salama kwa mbwa, hasa zenye pamethrini, humuua.

Dawa ikiwa mwilini, anayemhudumia avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi, amwoshe mnyama kwa sabuni na maji mengi ya uvuguvugu, kisha amkaushe na kumzuia kujiramba.

Sumu ikiwa imemezwa, mnyama asilazimishwe kutapika isipokuwa daktari aseme hivyo kwa simu. Mafuta ya taa, petroli na kemikali zinazounguza hudhuru koo na mapafu kwa mara ya pili zinapotoka. Chumvi nyingi ambayo baadhi ya watu hutumia ili kumtapisha mbwa inaweza kumuua yenyewe. Maziwa, mayai mabichi na mafuta ya kupikia navyo si dawa ya sumu. Mnyama dhaifu akinyweshwa kwa nguvu, huingia mapafuni. Mkaa wa jikoni hauwezi kuchukua nafasi ya ule uliotengenezwa maalumu kwa ajili ya hospitali.

Chombo au karatasi ya sumu ndiyo habari muhimu kuliko zote. Ichukuliwe hata kama imeraruka. Kwa mfano, aina nyingi za sumu ya panya huzuia damu kuganda, na dalili hutokea baada ya siku mbili hadi tano. Mbwa aliyeila leo anaweza kuonekana mzima kabisa, ilhali akipewa vitamini K na daktari kabla ya damu kuanza kuvuja angeokoka.

Dawa za binadamu zisiguswe

Kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho wengi hukijua kwa jina la Panadol, kinaweza kumuua paka. Mwili wake hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Damu hushindwa kubeba hewa, na fizi hugeuka rangi ya kahawia. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa katika kila duka la dawa, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Kwa hivyo, hakuna dawa ya maumivu ya binadamu inayopaswa kupewa mnyama bila agizo la daktari, hata nusu yake, hata robo.

Kuhara, kutapika na degedege

Mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu huenda ameshikwa na ugonjwa wa pavo, ambao ulienea duniani mwaka wa 1978 na ungali tishio kwa mbwa wasiochanjwa. Kinachomuua haraka ni kupungukiwa na maji mwilini. Atengwe na wenzake. Asipotapika, apewe kijiko kimoja kimoja cha maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Daktari aonwe siku hiyo hiyo, si kesho.

Mbwa wa pembezoni mwa mbuga huumwa pia na mbung'o na kuambukizwa nagana. Homa, kukonda na macho kupata ukungu wa buluu ni dalili ambazo hazina tiba ya nyumbani.

Mnyama akipatwa na degedege, vitu vinavyoweza kumuumiza viondolewe karibu naye, mwanga na kelele vipunguzwe, na muda utazamwe kwenye saa. Mkono wala kijiko kisitiwe mdomoni mwake. Degedege ikipita dakika tano au ikijirudia, ni dharura. Na kama mbwa huyo hajachanjwa, kichaa kisisahauliwe.

Endapo mnyama amezirai, hapumui na moyo haupigi, alazwe kwa ubavu na kifua kibonyezwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi theluthi moja ya upana wake au nusu. Baada ya kila mibonyezo 30, mdomo wake hufumbwa na kupulizwa pumzi mbili puani. Jambo hilo halifai kufanywa kwa mnyama ambaye anashukiwa kuwa na kichaa au kula sumu.

Vifaa vya kuweka nyumbani

Kisanduku cha huduma ya kwanza hakihitaji fedha nyingi. Kinafaa kuwa na bandeji, pamba na vitambaa safi, mkasi usio na ncha kali, glovu, kipimajoto, sabuni, chumvi, ayodini ya kusafishia vidonda, bomba la sindano lisilo na sindano la kunyweshea maji, taulo nzito na kamba ya kufungia. Kijumuishe pia karatasi yenye nambari za simu za daktari wa mifugo, afisa wa mifugo wa wadi na mwenye gari au bodaboda anayekubali kubeba mnyama usiku. Kadi ya chanjo iwe humo humo.

Wajibu wa serikali na wa mwenye mnyama

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la huduma za mifugo. Jedwali la Nne linataja waziwazi udhibiti na maslahi ya wanyama, utoaji wa leseni za mbwa, na vituo vya kuwatunza na kuwazika wanyama. Sheria ya 2011 nayo inataka kila anayetibu wanyama awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini. Mwenye mnyama ana haki ya kumwomba anayejiita daktari amwonyeshe usajili wake. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama vilevile humkataza mtu kumwacha mnyama wake ateseke bila sababu.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mbwa na paka huchanjwa dhidi ya kichaa wakiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kenya ilizindua mpango wa 2014 hadi 2030 unaokusudia kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo, na msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100. Kisiwani Pemba, nchini Tanzania, kampeni za kuwachanja mbwa zimewahi kukata kabisa maambukizi, jambo linaloonyesha kwamba lengo hilo si ndoto.

Kwa Taita Taveta, chanjo ina faida nyingine. Mwaka wa 1994, ugonjwa wa distempa ulioenezwa na mbwa wa vijijini uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa wa Voi, Sagalla na Kasigau hunywa maji na kuvuka njia zile zile wanazopita wanyama wa Tsavo. Anayemchanja mbwa wake humlinda yeye, huwalinda watoto wake na huilinda mbuga iliyo nyuma ya nyumba yake.

Siku ya dharura ikifika, mtu huyo ndiye atakayeweza kumwinua mbwa wake aliyeumia kwa wasiwasi mdogo. Atajifunga glovu, atamfunga mdomo kwa kitambaa na kuikandamiza damu, akijua kwamba mate yaliyo mkononi mwake ni ya mnyama aliyechanjwa.